Kompyuta Kuukuu na Kisanduku Chake cha Umeme

Mgonjwa hazikwi kwa sababu amezimia. Watu wote wanaijua sheria hii katika mambo ya mwili, na hapana aivunjaye kwa kusudi. Lakini katika mambo ya vyombo tuvitumiavyo kila siku hatuijali. Redio ikinyamaza husemwa imekufa. Taa ikikataa kuwaka husemwa imekufa. Na kompyuta ikikosa kuamka asubuhi moja huandikiwa cheti cha kifo kabla ya adhuhuri, ikabebwa hadi ghalani, ikalazwa juu ya madawati yaliyovunjika, na vumbi likawa sanda yake. Nataka kukueleza, msomaji, habari za kompyuta moja iliyokaribia kuzikwa hivyo, na namna ilivyorudi kazini kwa kubadilishiwa kitu kimoja. Habari yenyewe ni ndogo. Lakini yamo ndani yake mambo yampasayo kila kijana kuyajua siku hizi, maana ni ofisi chache zisizo na chombo hiki, na hapana chombo kisichoharibika.

Mimi ni mwalimu katika shule moja ya Kangeta, katika milima ya Nyambene, upande wa Igembe, Kaunti ya Meru. Jina la mji wetu hujulikana mbali kuliko ukubwa wake kwa sababu ya miraa. Hata aina moja ya miraa sokoni huitwa kangeta. Mgeni afikapo kwetu hustaajabia jambo hili: mti wa miraa mkongwe, uliopindika shina, uliochumwa na mikono ya mababu, huthaminiwa kuliko mti mchanga. Mwenye shamba humwonyesha mgeni mti huo kama mtu amwonyeshaye babu yake. Tawi likikauka hukatwa tawi, mti hauang'olewi. Ni ajabu kwamba watu wenye desturi njema kama hii mashambani hawaichukui kwenda nayo ofisini.

Kompyuta yetu ilikuwa ya namna ya zamani: kasha kubwa la bati, kioo chake mbali, kibodi yake mbali. Ilifika shuleni ikiwa imekwisha kutumika pahali pengine, kama zilivyofika nyingi katika shule za Kenya. Lipo shirika liitwalo Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, ambalo kazi yake ni kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Na watoto wengi wa nchi hii waligusa kibodi mara ya kwanza kwa kompyuta za namna hiyo. Ndani ya yetu yalikuwamo majina ya wanafunzi wa miaka mingi, alama zao, barua za wazazi na karatasi za mitihani. Ofisi haikuwa na nyingine. Jumatatu moja ya muhula wa pili ilikataa kuamka. Kitufe kilibonyezwa tena na tena. Taa haikuwaka, feni haikuzunguka, wala mlio haukusikika.

Katika chumba cha walimu hukumu ilitolewa upesi. Ilisemwa kwamba kompyuta ni nzee, imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha za kununulia hazikuwapo. Kwa hiyo ilipendekezwa kila mzazi atoe mchango wa shilingi 200. Shilingi 200 ni neno jepesi katika kinywa cha mwenye mshahara. Lakini wengi wa wazazi wetu ni wachumaji wa miraa, walipwao kwa kadiri ya walichochuma siku ile. Mvua ikikosa hawana cha kuchuma. Na soko la ng'ambo likifungwa hutikisika wote, kama walivyotikisika Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014. Darasani mwangu alikuwamo mtoto wa mama mjane, ambaye kila mchango mpya ulikuwa kwake siku mbili tatu za kukosa masomo. Hapana aliyemfukuza. Mama yake alimzuia nyumbani mwenyewe, kwa haya ya kumtuma mikono mitupu. Neno la mchango lilipotajwa nilimwona mtoto yule kabla ya kuiona kompyuta.

Nikasimama nikaomba siku tatu za kuichunguza. Mwalimu Mkuu alinitazama kitambo, akasema, "Umepewa, Mwalimu. Lakini usituunguzie shule." Wote wakacheka, na mkutano ukaisha.

Sasa, msomaji, kabla hujamtibu mgonjwa yakupasa kuujua mwili wake. Umeme ufikao katika soketi za Kenya ni wa volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Sehemu yake hutoka karibu nasi. Katika Mto Tana, upande wa Embu, yapo mabwawa matano yaliyopangwa kama vidato vya ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968 na Gitaru mwaka 1978. Na mitambo ya Gitaru, yenye megawati 225, ina nguvu kuliko mitambo mingine yote ya maji nchini. Umeme wa volti 240 wafaa kwa pasi na kwa birika. Lakini viungo vya kompyuta ni dhaifu kama vifaranga, na umeme huo ukivigusa vitaungua mara moja. Vyenyewe vyataka umeme wa volti 12, na wa volti 5, na wa volti 3.3, tena uwe umeme uendao upande mmoja bila kurudi nyuma, tena usipande wala usishuke ila kidogo sana. Katika volti 12 waruhusiwa kupungua hata 11.4 au kuzidi hata 12.6, na si zaidi.

Kazi ya kuugeuza umeme wa ukutani kuwa chakula cha vifaranga hufanywa na kisanduku cha bati kikaacho katika kona ya nyuma ya kasha. Mafundi hukiita pawasaplai. Mimi katika insha hii nakiita kisanduku cha umeme. Kilicho cha kawaida kina upana wa milimita 150, kimo cha milimita 86, na urefu wa milimita 140 au zaidi kidogo. Umbo hilo hutokana na kanuni iitwayo ATX, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Kanuni hiyo imewasaidia maskini kuliko watu wengi wajuavyo, maana kwa sababu yake kisanduku kilichoundwa mwaka jana chaweza kuingia katika kasha lililoundwa miaka ishirini nyuma, na parafujo zikakuta matundu yake.

Kisanduku hicho hufanya kazi kama jiko la shule. Gunia la mahindi huingia zima kwa mlango wa nyuma, na kila mtoto hupata sahani yake kwa kadiri yake. Kwanza huushurutisha umeme uende upande mmoja, na hapo huwa wa volti zaidi ya 300. Kisha huukatakata vipande maelfu kwa maelfu katika sekunde moja. Kisha huupitisha katika transfoma ndogo iushushayo. Mwisho huutuliza kwa vikopo viitwavyo kapasita, ambavyo hushika umeme na kuuachia taratibu, kama mtungi ushikavyo maji. Feni hupuliza wakati wote, maana kazi hii yote huleta joto.

Vifo vya visanduku hivi vina sababu zake. Joto ni ya kwanza. Vumbi ni ya pili, nalo ni rafiki wa joto. Vumbi jekundu la Kangeta huingia kwa feni na kujifunga ndani kama blanketi. Kapasita nazo huzeeka, hufura kichwa na kutoa maji yake. Na miaka ya mwanzo wa karne hii ziliuzwa duniani kapasita mbovu kwa wingi, zikaua kompyuta nyingi kabla ya siku zao. Sababu ya nne ni mashaka ya umeme wenyewe. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaiangukia transfoma, ikazimika. Mitambo mingine ikaelemewa na mzigo, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika. Tarehe 25 Agosti 2023 giza jingine lilifunika sehemu kubwa ya nchi usiku. Giza haliiui kompyuta iliyozimika. Hatari iko katika kurudi kwa umeme, maana waweza kurudi kwa kishindo, na wa kwanza kupokea kishindo hicho ni kisanduku cha umeme. Aghalabu hufa yeye, na walio nyuma yake wakapona, kama mlinzi wa lango.

Nilianza uchunguzi wangu kwa utaratibu. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru ambalo makao yake yako Nchiru, hawamhukumu mtu kwa kumtazama uso. Husikiliza kwanza maneno ya pande zote. Kompyuta haina kinywa, lakini kila kiungo chake hutoa ushahidi ukikiuliza vema.

Shahidi wa kwanza alikuwa soketi ya ukutani. Nilichomeka taa ya meza, ikawaka, soketi ikaachiliwa. Wa pili alikuwa waya wa umeme. Nilitwaa waya wa kioo, kwa kuwa unafanana nao, nikautia katika kasha. Kimya. Waya ukaachiliwa. Wa tatu alikuwa swichi ndogo ya nyuma ya kisanduku, ambayo mfagiaji aweza kuizima kwa ufagio bila kujua. Ilikuwa imewashwa. Ya pili yake, nyekundu, ionyeshayo volti za nchi, ilikuwa imesimama penye 230, ndipo pake kwa Kenya. Mashahidi hawa wanne hawagharimu hata senti moja. Na kompyuta nyingi zinazoitwa maiti hufufuka mbele yao, kabla ya bisibisi kutolewa mfukoni.

Yetu haikufufuka. Nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliosalia ndani uishe, nikagusa bati la kasha ili umeme wa mwili wangu utoke, maana cheche ndogo isiyoonekana yaweza kuua viungo vya kompyuta. Ndipo nikafungua ubavu wa kasha. Nikatazama ubao mkuu, ambao viungo vyote huungana juu yake: kapasita zake hazikufura, wala hapakuwa na alama ya moto. Nikanusa, harufu ya kuungua ilitoka upande wa kisanduku. Harufu ni ushahidi, lakini haitoshi kuwa hukumu.

Nyaya za kisanduku zina rangi, na kila rangi ina maana yake. Ya manjano huchukua volti 12, nyekundu volti 5, ya rangi ya chungwa volti 3.3, na nyeusi ni njia ya kurudia umeme. Ya zambarau huchukua volti 5 za kukesha: hukaa macho hata kompyuta inapolala, mradi waya wa ukutani umechomekwa. Ya kijani ndiyo ipokeayo amri ya kuamka. Niliondoa plagi zote za kisanduku katika viungo vyote, ili asiwepo wa kumsingizia mwenziwe, nikachomeka waya wa ukutani, nikapima ile ya zambarau kwa kipima umeme nilichoazima kwa fundi wa redio sokoni. Kilionyesha sifuri. Nikauzima umeme, nikaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi katika plagi kubwa kwa kibanio cha karatasi, nikawasha tena. Kisanduku kizima, kikipewa amri hiyo, aghalabu huzungusha feni yake. Hiki kilinyamaza. Mlinzi wa usiku hakujibu, na amri ya kuamka haikusikiwa. Mshtakiwa alikuwa amepatikana.

Walakini palikuwa na jambo ambalo uaminifu ulinilazimisha kulisema. Mmoja akionekana na ugonjwa, haifuati kwamba waliobaki wote ni wazima. Nilimwendea Mwalimu Mkuu nikamwambia, "Nimeuona ugonjwa mmoja, na dawa yake ni kama shilingi 1,500. Kama ndani upo ugonjwa wa pili, hatutaujua mpaka dawa ya kwanza imenunuliwa."

Akauliza, "Na kama upo?"

Nikajibu, "Tutakuwa tumetoa shilingi 1,500, na kisanduku kitabaki kuwa akiba. Hakitaoza."

Akafikiri, akatoa fedha hizo katika mfuko mdogo wa ofisi. Nilizipokea kwa moyo mzito, maana fedha za shule si za majaribio ya mwalimu.

Kisanduku hakikupatikana Kangeta. Lakini mji wetu una njia zake. Kila siku magari ya miraa hutoka kwetu yakikimbilia Nairobi, kwa kuwa miraa ni mali isiyosubiri. Nayo hurudi na mizigo ya kila namna. Dereva mmoja, mzazi wa shule yetu, alikubali kupita Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vyombo vya umeme, ulioitwa kwa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Alisema, "Mwalimu, mimi najua miraa. Niandikie kila kitu, nisije nikakuletea betri ya trekta."

Nilimwandikia maneno haya, nawe yahifadhi, huenda yakakufaa. Kwanza, umbo liwe la ATX la kawaida, maana yako makasha membamba yatakayo visanduku vya umbo lao wenyewe. Pili, plagi kubwa iwe ya pini 24. Na kwa kompyuta za kale zilizo na pini 20, iwe ile iwezayo kutenganishwa pini nne pembeni. Tatu, iwepo plagi ya pini nne ya volti 12 kwa ajili ya akili ya kompyuta, yaani prosesa. Nne, ziwepo plagi za diski za namna ile ile tuliyo nayo. Tano, wati zisipungue zile za kisanduku cha kwanza, nazo zilikuwa 300. Wengi huogopa wati nyingi. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa kompyuta huchukua kadiri iihitajiyo tu, kama mtu achotaye kikombe kimoja katika pipa lililojaa. Sita, kisanduku kipimwe uzito mkononi. Kilicho chepesi kama kasha la biskuti huwa kimeandikwa wati kisizoweza kuzitoa.

Lipo na onyo la saba, lisilohusu duka. Wako waundaji wa kompyuta waliowahi kutumia plagi ya umbo la kawaida huku wakipanga nyaya zake kwa mpango wao wa siri. Plagi huingia vizuri, na kompyuta huungua. Kwa hiyo nililinganisha rangi za nyaya, tundu kwa tundu, kisanduku kipya kando ya cha zamani, kabla ya kuunganisha chochote.

Kazi ya kubadilisha tuliifanya baada ya masomo, wanafunzi sita wakiwapo, na mtoto yule wa mjane akiwa mshika parafujo. Alizipanga katika vifuniko vya soda, akiandika kwa chaki chini ya kila kifuniko zilikotoka. Mwingine alichora picha ya plagi zote na mahali pake. Nataka ulizingatie jambo hili, msomaji: picha ile ilichorwa kabla ya plagi hata moja kuondolewa. Kukumbuka baada ya kubomoa ni taabu. Kuandika kabla ya kubomoa ni rahisi.

Tulitoa waya wa ukutani kwanza. Tukaifinya kishikizo plagi kubwa, tukaivuta kwa kuishika yenyewe, maana nyaya zake hazivutwi. Tukafungua parafujo nne za nyuma, mkono mmoja ukiwa chini ya kisanduku ili kisiuangukie ubao mkuu parafujo ya mwisho itokapo. Kasha likapelekwa nje, vumbi likapigwa kwa brashi laini. Lilitoka vumbi la kutosha kupandia mbegu. Kisanduku kipya kikaingia, parafujo nne zikakazwa, plagi zikarudi kila moja pake kwa kuifuata picha. Plagi hizi zimeumbwa ziingie kwa upande mmoja tu. Ikikataa, usiisukume kwa nguvu, bali igeuze. Nyaya tukazifunga mbali na feni. Nikaikagua kazi yote mara mbili, nikachomeka waya, nikamwambia mtoto yule abonyeze kitufe.

Feni ikazunguka. Ukasikika mlio mmoja mfupi, nao katika lugha ya kompyuta nyingi za zamani maana yake ni "sijambo". Kioo kikaangaza. Kisha kompyuta ikatuonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, kama mzee aliyezinduka katika usingizi akauliza nani ni chifu. Hili nalo lina sababu yake. Juu ya ubao mkuu imo betri ya duara kama sarafu, iitwayo CR2032, ya volti 3, itunzayo saa umeme usipokuwapo; yetu ilikuwa imekwisha. Ilibadilishwa kwa fedha zilizorudi za dereva. Majina, alama na barua zilikuwapo zote, maana diski ile huandika kwa sumaku, na maandishi ya sumaku hayafutiki kwa sababu umeme umekatika.

Neno la mchango likaondolewa katika kitabu cha mkutano. Mama yule mjane hakupata kujua kwamba lilikuwa limeandikwa. Mtoto wake alikuwa shuleni Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi.

Siku ile ile, kisanduku kilichokufa kikiwa mezani, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona hiki nacho tusikifungue tukakitengeneza?" Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ni sehemu kubwa ya insha hii. Ndani ya kisanduku zimo kapasita zishikazo volti zaidi ya 300, nazo huweza kuendelea kuzishika baada ya waya kuchomolewa ukutani. Nje ni bati baridi, lililokaa kimya; ndani pana pigo liwezalo kumwangusha mtu. Fundi aliyefunzwa ajua namna ya kuzimaliza nguvu zake kabla hajagusa. Mimi nilifunzwa chuo cha ualimu, sikufunzwa hilo. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba kuna milango miwili hapa. Mlango wa kasha ni wa kila mtu mwangalifu, na tusiuogope. Mlango wa kisanduku ni wa mwenye elimu yake, na tusiuone haya kuuacha. Mwoga huiacha yote miwili imefungwa, naye hulipa gharama zisizo zake. Mjuba huifungua yote miwili, naye aweza asilipe tena chochote.

Basi kisanduku hicho kilikwenda wapi? Hakikutupwa katika shimo la taka nyuma ya shule, wala hakikuchomwa moto ili ipatikane shaba ya nyaya zake, kama wafanyavyo wengine. Vyombo vya umeme vya zamani vina risasi katika maungio yake, na moshi wa nyaya ziunguapo ni sumu kwa azivutaye. Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na taka za namna hii zapaswa kwenda kwa wenye kibali cha kuzivunja salama. Chetu kiliwekwa katika sanduku ofisini, kingoje safari hiyo pamoja na betri ile ndogo.

Sikusudii kusema kwamba kila kikuukuu kitengenezwe. Iko siku kompyuta huwa nzee kweli: programu mpya haziwezi kukaa ndani yake, viungo vyake havipatikani tena, na umeme ilao kwa mwezi hushinda faida yake. Siku hiyo ikifika, iagwe kwa heshima, na maandishi yake yahamishiwe kwingine. Lakini siku hiyo ijulikane kwa hesabu, isijulikane kwa uchovu wa watu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakasema tena usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno yote mawili yalinenwa kabla ya kompyuta ya kwanza kuundwa, na yote mawili yanaihusu.

Nawe utakuja kuketi katika mikutano, msomaji, mahali ambapo fedha za watu wengine huamuliwa kwa dakika chache. Ukisikia huko kwamba chombo fulani kimekufa, uliza kwanza ni nani aliyekipima, na kwa kipimo gani, na gharama ya maziko italipwa na nani.